Mama ana zaidi ya miaka 70 na bado anambeba kaka yangu: nifanye nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Mtwara, naishi Dar es Salaam, kazi yangu ni ushonaji. Mama yangu yuko Mangamba na kaka yangu wa miaka 38, ambaye tangu kuzaliwa ana utindio wa ubongo. Hatembei, maneno yake anayaelewa mama tu, analishwa na kuogeshwa. Baba, mtu wa Newala, alifariki mwaka 2009, na tangu hapo mama yuko peke yake. Yeye ni Mmakonde wa Msumbiji, alivuka Ruvuma akiwa mtoto wakati wa vita ya Mreno, na mpaka leo hana kitambulisho cha Taifa. Mwaka huu ameanguka mara mbili akiwa amembeba kaka. Nikimwambia waje Dar anakataa. Anasema kuna binti wa mjomba, ana miaka 16, aliyekimbia vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ndiye anayemfundisha kazi ili amrithi. Naogopa kumwuliza itakuwaje yeye asipokuwepo. Nifanye nini? Na je, ni vibaya kumwachia kaka redio usiku kucha?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule mnayemwita "wa mazoezi", na sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi nimeitumia Mtwara na Lindi, zaidi kwenye nyumba za watu kuliko wodini. Mambo ya vitambulisho na kiwanja nitakayoyagusa sikuyasomea. Nimeyajua kwa kuongozana na familia kama yenu kutoka dirisha hadi dirisha.

Umeandika swali moja lakini ndani yake yamo matano. Naanza na kuanguka. Mengine yanaweza kusubiri mwezi. Hilo haliwezi kusubiri wiki.

Naweza kukuchorea anavyombeba bila kumwona. Anasimama mbele yake, anapitisha mikono chini ya makwapa, anamvutia kifuani, anapiga hatua mbili kuelekea kwenye kiti au kwenye beseni, kisha anamteremsha. Ndivyo alivyombeba akiwa na miaka mitano, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba sasa mtoto amekuwa mtu mzima, badilisha. Gunia la korosho la kilo 80 hubebwa ghalani na vijana wawili, nao hunung'unika. Kaka yako huenda ni nusu ya gunia hilo, ila gunia halishtuki. Wengi wenye utindio wa ubongo, pikipiki ikipiga honi dirishani au wakiguswa ghafla, mwili mzima hukakamaa kama mti: kichwa kinarudi nyuma, magoti yananyooka, miguu inapishana. Hilo likitokea katikati ya zile hatua mbili, wanakwenda chini wote. Kwa hiyo usimpelekee mama dawa za kuongeza nguvu. Kinachotakiwa ni kuacha kunyanyua.

Bahati nzuri wewe ni fundi cherehani. Safari ijayo beba futi yako. Pima kimo cha kitanda kutoka sakafuni hadi juu ya godoro, halafu pima kimo cha kiti anachokalishwa. Nyumba nyingi nilizoingia, kitanda ni cha kamba, kiko chini, na kiti kiko juu, kwa hiyo kila uhamisho ni kupanda mlima. Vinatakiwa viwe sawa, na vyote vifike karibu na mapaja ya mama akiwa amesimama, asiiname. Seremala akuchongee vigogo vinne vyenye tundu la kuingizia miguu ya kitanda. Usiweke matofali matupu, yanateleza.

Kisha shona kitu hiki: kitambaa cha jinzi au turubai laini, mikunjo miwili, upana wa mita moja, urefu wa kuanzia mabegani mwake hadi katikati ya mapaja. Kila upande weka vishikio vitatu vya mkanda wa begi, ushone msalaba kama unavyoshona mkoba wa shule. Mama anamlaza kaka ubavu, anakitandika nusu, anamrudisha, anavuta nusu ya pili. Sasa hambebi tena. Kiti kimesogezwa hadi kugusa kitanda, yeye na mtu mwingine wanashika vishikio na kumtelezesha. Kabla ya kuanza amwambie kwa sauti ya kawaida, "Tunahama," na amkunje magoti na nyonga kwanza. Magoti yakishakunjwa, mwili huo haunyooki kirahisi. Hiyo ni kanuni ndogo, lakini nimeona akina mama wakilia waliposhuhudia inavyofanya kazi, kwa sababu miaka thelathini walikuwa wakipigana na mguu ulionyooka.

Kuoga kuhamie kitandani, juu ya mpira, au kwenye kiti cha mbao chenye tundu, kisha sabuni na maji ya vuguvugu. Kubebwa hadi bafu la uani kwenye sakafu yenye utelezi kuishe leo.

Kuhusu kiti mwendo, tafadhali usikimbilie kununua kile cha hospitali chenye turubai katikati na magurudumu membamba ya mbele. Mchanga wa mitaa yetu unayameza magurudumu hayo kabla hujafika kwa jirani, na turubai lile linalegea hadi mgongo wake uanze kupinda upande mmoja. Mtu wa kukikalia anahitaji kupimwa: upana wa nyonga, urefu wa paja, kimo cha kisigino hadi goti. Idara ya utengamao, yaani ya kurudisha uwezo wa mwili, ya hospitali ya mkoa, Ligula, ndipo pa kuanzia. Wakiona inahitajika zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, haiko mbali na mama. Nenda na vipimo vyako mkononi, hata kama hawatavitumia. Mtu aliyekuja na namba husikilizwa.

Sasa kuhusu mwili wa mama mwenyewe. Miaka fulani nilikuwa nikimtembelea bibi mmoja upande wa Tandahimba, mlezi wa binti mkubwa asiyetembea. Kila nikifika alikuwa amefunga kanga mbili kiunoni, moja juu ya nyingine, zimekazwa kama anakwenda ngomani. Nikadhani ni mazoea. Ziara ya nne, nikamsaidia kumgeuza binti, bibi akakohoa, akakaa chini ghafla na kugeukia ukutani. Kizazi kilikuwa kimeshuka, miaka sita. Zile kanga ndizo zilizokuwa zikikizuia. Hakumwambia mtu kwa sababu waliokuja nyumbani wote walikuja kumwona mgonjwa, na mgonjwa si yeye.

Mama mwenye umri ule, aliyezaa, aliyebeba mtu mzima kila siku kwa miongo: ulizia hilo. Ulizia kama mkojo unamtoka akikohoa au akinyanyua. Usimwulize mbele ya kaka wala mbele ya yule binti, na pengine asiulizwe na wewe. Wewe ni mtoto wake. Mtume mwanamke wa rika lake. Kizazi kilichoshuka kina tiba: kuna mazoezi ya nyonga, kuna pete ya mpira inayowekwa ndani na muuguzi aliyefunzwa, kuna upasuaji. Lakini hakuna hata moja litakalofaa kama kesho yake atanyanyua tena. Pia apimwe presha na sukari, na macho. Wanaoanguka wakiwa wamebeba, wengine hawaoni kizingiti.

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya Serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ndiyo iliyoliweka hilo. Lakini dirishani wataomba kitambulisho, na hapo tunarudi kwenye Ruvuma.

Hii ndiyo sehemu ndefu, nivumilie.

Mama yako si wa kwanza. Baada ya mauaji ya Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, Juni 1960, na zaidi vita ya kumtoa Mreno ilipoanza Septemba 1964, watu walivuka mto kwa makundi, wengi Wamakonde, wakakuta upande huu wanaozungumza kama wao, wakachanganyika kwenye vijiji vya Newala, Tandahimba na Mtwara Vijijini. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975 wengine walirudi. Waliokuwa wameolewa walibaki. Kwa miaka arobaini hakuna aliyewauliza karatasi: walilima, walipiga foleni ya maji, walizika na kuzikwa. Kisha karatasi zikawa ndio mlango wa kila kitu. Tangu Januari 2020 laini za simu ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zinazimwa, na ili kuisajili laini unatakiwa uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayetuma hela kila mwezi: laini ya mama imesajiliwa kwa jina la nani? Kama ni la jirani, hela ya sabuni ya kaka yako iko mikononi mwa jirani. Mara nyingi ni jirani mwema. Siku akigombana na mama, au akifa, salio lililomo si la mama kisheria.

Wamakonde waliotoka Msumbiji wakaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya pwani ya Kenya walikaa bila vitambulisho hadi Oktoba 2016, walipotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi. Baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Huku kwetu mambo huenda faili moja moja, na faili la mama ni gumu kuliko la kaka. Ndiyo maana nasema yatenganishwe.

Kaka yako amezaliwa hapa, baba yake raia. Uraia wake haupiti kwa mama hata kidogo. Nimeona familia zikimficha mtoto mwenye ulemavu asiandikishwe popote kwa kuogopa kwamba wakimpeleka yeye, mama ataulizwa anatoka wapi. Matokeo yake ni mtu wa miaka 38 ambaye Serikali haijui kama yupo. Anza na cheti cha kuzaliwa kwa usajili wa kuchelewa, RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Tafuta kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha kifo cha baba, vitambulisho vya baba au vya ndugu zake wa Newala, barua ya mtaa. Kikipatikana, ndipo NIDA. Omba maofisa wafike nyumbani, na omba kwa maandishi kupitia ofisa ustawi wa jamii wa kata; ombi la mdomo husahaulika likishavuka kaunta. Vidole vyake vitakuwa vimekunjwa na kukakamaa. Usikubali mtu avinyooshe kwa nguvu. Mkunjieni kiwiko na kifundo cha mkono kuelekea ndani kwanza, vidole vitalegea vyenyewe.

Ya mama yaendeshwe polepole, na yaanzie kwa msaidizi wa kisheria kabla ya Uhamiaji. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mke wa raia njia yake ya kuomba, lakini njia hiyo ni ya wakati mume yu hai, na mume wake hayupo tangu 2009. Zimebaki nyingine: kuomba tajnisi, yaani uraia wa kuomba, kwa kawaida, au utaratibu wa Uhamiaji wa kuwasajili wale wanaowaita wahamiaji walowezi, waliokaa nchini miongo bila hati. Kila moja ina masharti yake na ada zake, na ipi inamfaa mama ni swali la mwanasheria, si langu. Kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi waliosajiliwa hadi ngazi ya wilaya. Huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure.

Kuna jambo watu watakushauri kwa nia njema: "Mwandikishe tu amezaliwa Newala, nani atajua?" Usifanye. Siku itakapojulikana, haitaharibika karatasi yake peke yake, na ya kaka itafunguliwa upya pamoja na ya kwako. Isitoshe, kwa mzee kama yule, kumlazimisha akane alikozaliwa mbele ya ofisa kijana ni kumwongezea mzigo. Na kama ana chale za Kimakonde usoni, hawezi hata kudanganya vizuri, uso unamsemea.

Jambo jingine la vidole: kama mama amewahi kubangua korosho kwa mkono, mafuta ya ganda yameshamla alama za vidole. Mashine itakataa. Aache kubangua wiki kadhaa kabla ya kwenda, apake mafuta ya nazi usiku, na kama mashine bado inakataa, ofisa aelezwe sababu. Nimemwona bibi akirudishwa mara tatu, kila mara akidhani ni yeye aliyekataliwa.

Kiwanja je? Kama kiko kwa jina la marehemu baba, mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo na fungu la kaka litajwe. Ulemavu haumwondolei urithi, ingawa mara nyingi ndugu hukaa kimya pale jina lake linapofikiwa. Usilitatue kwa kuandika kila kitu kwa jina la mama, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 haimmilikishi ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji. Nyumba iliyoandikwa kwa jina la mama asiye na uraia inaweza kuja kumtoa nje yule yule aliyejengewa.

Sasa yule binti.

Nakuelewa mama anakotoka. Kwa mila zenu mtoto ni wa upande wa mama, na wa kumsimamia ni mjomba. Wajomba wa kaka yako wako ng'ambo, na ng'ambo kumekuwa hakukaliki tangu Oktoba 2017. Kwa hiyo alipofika binti wa kaka yake, mtoto wa mjomba mwenyewe, mama aliona jibu la dua. Miaka yote amekuwa na ukoo upande mmoja wa mto na kazi upande mwingine. Sasa upande wa mjomba umevuka.

Lakini msichana wa miaka 16 aliyekimbia risasi si wa kukabidhiwa mwanamume wa miaka 38 amwogeshe na kumbadilisha. Si haki kwa binti, na si salama kwa kaka yako pia. Mtoto aliyechoka na asiye na pa kwenda anaweza kumfanyia ukali ambao kaka hawezi kuusema. Amsaidie mama kupika, asukume kiti, wacheke naye. Mwili wa kaka ushikwe na watu wazima, na ikiwezekana awepo mwanamume. Mtafuteni kijana wa mtaani, alipwe kwa siku, aje asubuhi kwa uhamisho na kuoga, saa moja na nusu basi. Elfu chache kwa siku ni hela, najua. Nyonga ya mama ikivunjika ni hela zaidi.

Binti mwenyewe asifichwe ndani. Kwa umri wake, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ni mtoto, na wa kwanza kujua habari zake awe ofisa ustawi wa jamii, mkiwa na msaidizi wa kisheria pembeni, kabla hajaulizwa na mwingine barabarani. Kuna waliovuka wakarudishwa kwa sababu hakuna aliyekuwa amewasemea mapema.

Haya, lile unaloliogopa. Nitakuambia nilichosikia kwa akina mama wa aina hii, karibu wote, wakishajua sitashtuka: "Namwomba Mungu amtangulize yeye, hata kwa siku moja." Usije ukadhani mama hajaliwaza. Analiwaza kila usiku, na pengine ndiyo maana anamfundisha binti kwa haraka. Wewe unaogopa kumwuliza, yeye anaogopa kukutwisha. Usiulize, "Ukifa itakuwaje?" Mwambie, "Nifundishe." Kaa siku tano, ufanye yote wewe, yeye akae kwenye kiti akukosoe. Atakukosoa sana. Siku ya tatu atakuwa anakueleza mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu.

Yaandike. Daftari la kawaida la shule, mstari mmoja jambo moja. Familia moja ya Lindi walinionyesha la kwao, na baadhi ya mistari ilikuwa hivi: "Akisaga meno ni njaa au mkojo, angalia mkojo kwanza. Maji yaanzie miguuni, mgongoni hapendi. Uji mzito, kijiko kidogo, subiri ameze mara mbili. Akicheka peke yake usiku mwache. Akinyamaza mchana kutwa ni mgonjwa, mpime joto." Hakuna daktari angeweza kuandika hayo. Yote yalikuwa kichwani mwa mwanamke mmoja wa miaka 70, na kama angeanguka vibaya yangekwenda naye. Kwenu ongeza maneno: kama mama humsemesha Kimakonde cha ng'ambo, basi hicho ndicho anachokielewa, na wajukuu wa Dar wanaomwambia "Anko, fungua mdomo" wanamsemesha lugha ya redioni. Andika neno la kula, la kulala, la kugeuka, la maumivu. Mrekodi mama kwa simu akiyasema.

Kuhusu kula, kwa kuwa nimegusa: awe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, asilishwe amelala wala kichwa kikiwa nyuma, na abaki amekaa nusu saa baadaye. Ugali wa muhogo mkavu na samaki wa miiba uachwe kabisa. Akikohoa kila anapokunywa, au akipata homa za kifua mara kwa mara, chakula kinaingia njia ya hewa, na hilo ni la hospitali.

Dar es Salaam. Nadhani mama yuko sahihi kukataa, au tuseme yuko sahihi kwa sasa. Si suala la kilometa 560 za basi tu. Mangamba anao watu ambao wewe huwahesabu kwa sababu si ndugu: waliochezwa unyago pamoja, wa vikoba, wa msikitini au kanisani, yule wa dukani anayejua kwamba mwisho wa mwezi atalipwa. Mgeni hujenga jamaa zake kwa mikono, na mama alishajenga. Ukimtoa huko umempeleka ugenini mara ya pili, safari hii na magoti mabovu, kwenye chumba cha kupanga, na wewe uko kwenye cherehani saa kumi na mbili kwa siku. Waandike hao watu wake majina, kaa nao, mwombe kila mmoja jambo moja dogo la siku moja. Anayeombwa "tusaidie" hupotea. Anayeombwa "Jumanne asubuhi njoo umgeuze" huja. Na upange kwa kalenda ya huku. Kuanzia Mei na Juni watu wanapulizia mikorosho salfa, kifua cha kaka kiwe mbali na vumbi hilo. Kuanzia Oktoba mtaa mzima uko kwenye korosho na mama anabaki peke yake mchana kutwa. Hiyo ndiyo miezi ya wewe kuja, au kumlipa mtu. Malipo ya korosho yakitoka, ndugu wa Newala wana hela kwa wiki tatu hivi. Godoro liombwe ndani ya wiki hizo tatu.

Kama kaka anameza dawa za kifafa, ziwepo za mwezi wa ziada nyumbani wakati wote. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Kusini pale Somanga, waliokuwa wakitegemea kutumiwa dawa kwa basi walipata taabu, na dawa ya kifafa haikatizwi ghafla.

Misaada ya fedha nitaitaja kwa ufupi kwa sababu mara nyingi huahidi zaidi ya inavyotoa. Uliza mtaani kuhusu TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini; kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa hadhara, na asiyehudhuria husahaulika. Mtume mtu akamseme mama. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya mtaa. Ulizia mwenyekiti wake ni nani, kaka aandikwe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ni mkopo, mdogo wangu. Mama asiingizwe kwenye kikundi chochote cha kukopa akiwa na miaka 70 na mgonjwa ndani, hata aje nani na fomu.

Ukifika, angalia mkia wa uti wa mgongo, nyonga, visigino na vifundo vya kaka, mchana, kwenye mwanga. Pakiwa na wekundu ambao haupotei ukibonyeza, ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Mchana ageuzwe kila baada ya saa mbili, mto kati ya magoti. Usiku mama alale. Godoro zuri na kumgeuza mara moja au mbili kutatosha kwa mtu ambaye ngozi yake bado nzima.

Redio mwachieni. Usiku wa manane ishushwe sauti, si kwa ajili yake, ni kwa ajili ya mama anayelala chumba hicho hicho na ambaye hajapata usingizi kamili tangu kaka azaliwe. Ila ihamishwe. Naamini iko upande anaopenda kugeukia, ndivyo inavyokuwa kila nyumba. Iwekeni upande wa pili, kidogo tu nje ya macho yake, ili akitaka kujua nani anasema ageuze shingo kule asikopenda. Mama atasema anateseka. Mpe siku tatu.